Diski Iliyopakwa Sandali

Aliyeichomeka ile diski ni mimi. Nalisema mapema ili msipoteze muda kumtafuta mwenye kosa. Nimefanya kazi miaka thelathini na mmoja katika masijala ya hospitali yetu ya figo hapa Kumbakonam, wakati ule nilikuwa nimebakiza miezi mitano nistaafu, na katika miaka yote hiyo hakuna karatasi iliyowahi kupotea mikononi mwangu. Wanaonifahamu watawaambia pia kwamba nina mdomo mkali. Sibishi.

Jumatano ile asubuhi tulifika kazini kuchukua kalamu zetu. Jumanne ilikuwa Ayudha Puja, siku ambayo vyombo vyote vya kazi hupumzika na kuombewa. Madereva walikuwa wameyaosha magari ya wagonjwa na kuyavika maua, mafundi wamezipaka spana zao sandali, ule unga laini wa mti unaonukia, na sisi wa masijala tumeziweka rejesta, mihuri na kalamu mbele ya picha ya mungu wa elimu. Siku hiyo hatuandiki hata herufi moja mpaka kesho yake. Basi Jumatano saa mbili nikasali, nikachukua kalamu yangu, nikawasha kompyuta. Badala ya orodha ya wagonjwa nikaona skrini nyeusi yenye maandishi mekundu: mafaili yenu yote tumeyafunga, mkitaka kuyafungua wasilianeni nasi.

"Akka," aliniita Pushkala, karani wangu, kutoka meza ya pili. Akka ni dada mkubwa, na ndivyo wanavyoniita wote pale, hata Mkurugenzi; jina langu, Alamelu, limebaki kwenye karatasi ya mshahara tu. "Na yangu imekuwa hivyohivyo."

"Usiguse kitu," nilimwambia, "na usianze kulia. Hakuna aliyekufa."

Siva, mtu wetu wa kompyuta, alikuja mbio, majivu ya sala bado mabichi kwenye paji la uso. Alitazama skrini tatu, akapiga simu mji wa Trichi, kwenye ofisi ambayo kazi yake ni kuzisaidia hospitali siku kama hiyo. Akaweka simu mezani tusikie wote. Sauti ya mwanamke ilikuwa tulivu, ungedhani anatangaza treni.

"Msizime kompyuta hata moja. Chomoeni waya zote za mtandao. Pigeni picha kila skrini. Wauguzi warudi kwenye karatasi. Na hao watu msiwajibu neno. Nakuja."

"Tusizime?" aliuliza Mkurugenzi, Daktari Gomathinayagam, ambaye kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye swichi.

"Ukizima, daktari, alama walizoziacha humo ndani zinafutika, na mimi ndizo ninazozitafuta. Wewe huwa unamfunika mgonjwa shuka kabla hujampima?"

Daktari akakirudisha kidole chake taratibu.

Siva hakuwa amefadhaika sana. Alikuwa na diski mbili za akiba zenye nakala za mafaili yote. Moja huijaza kila Jumamosi, nyingine kila tarehe mosi, kisha huzifungia kwenye kabati la chuma, mbali na mtandao. "Mafaili ya wagonjwa elfu nne yako kabatini yamelala," alituambia. "Hawa wezi wamefunga mlango wa mbele tu. Sisi tutaingilia wa nyuma." Watu wote chumbani wakashusha pumzi. Isipokuwa mimi.

Ngoja niwaeleze ya Jumanne. Anayepanga meza ya puja kila mwaka ni Mzee Muthaiya, tarishi wetu, na hakuna anayembishia, hata madaktari. Alikuwa ameizungushia kompyuta kuu kamba ya maua, na chini yake ameweka ndimu nne, moja kila pembe, vilevile anavyoziweka chini ya magurudumu ya magari. Kompyuta hiyo peke yake ilikuwa inafanya kazi, maana wodi haina sikukuu.

"Kile kisanduku cheusi kiko wapi?" aliniuliza.

"Kisanduku gani tena, mzee?"

"Kile anachokificha Siva. Mwaka mzima kinatubebea mzigo, leo mnakiacha gizani kama mkwe aliyegombana na ukoo?"

Siva hakuwepo. Alikuwa amempeleka mkewe kwa wazazi wake, akajifungulie huko, na ufunguo wa kabati aliniachia mimi. Nikafungua, nikaitoa diski ya Jumamosi. Kabati likifunguliwa lazima iandikwe kwenye daftari lake: nani, saa ngapi, kwa nini. Lakini daftari lilikuwa kwenye meza ya puja chini ya maua, kalamu nazo zilikuwa hukohuko, na siku ile nani angeandika? Nikajiambia nitaandika kesho.

Muthaiya akaipaka diski sandali na doa la rangi nyekundu, akarudi nyuma hatua mbili, akakunja uso. "Mbona imekaa kama maiti? Mwenzake anawaka taa."

Basi nikaichomeka kwenye kompyuta kuu. Ikawaka taa ya buluu, mzee akafurahi, tukaimba, tukala dengu za nazi na bisi za mchele. Ilikaa pale saa moja na nusu. Kisha nikaifuta kwa upindo wa sari yangu, nikairudisha kabatini, nikafunga. Sikuwa na nia mbaya hata chembe, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Na msiseme sikujua. Nilijua. Siva alikuwa ametufundisha mara tatu, na mara zote nilikaa mstari wa mbele. Alisema diski ya akiba ni kama mtoto mchanga, hapewi mwenye mafua ambebe. Lolote lililomo kwenye kompyuta linaweza kupanda ndani yake.

Sasa Jumatano hiyo Siva akalifungua daftari la kabati mbele ya Mkurugenzi. "Mara ya mwisho ni Jumamosi saa kumi. Mwandiko wangu huu." Kisha akanigeukia. "Jana ufunguo ulikuwa kwako, Akka. Hukufungua, sivyo?"

Nilitikisa kichwa kwa ule mtikiso wetu wa pembeni, ambao mwenye kutaka ndiyo huona ndiyo, na mwenye kutaka hapana huona hapana. Siva alitaka hapana. Akalifunga daftari.

Niliona aibu palepale, na bado nikanyamaza. Niliogopa nini? Si kufukuzwa, maana nilikuwa nimebakiza miezi mitano tu. Niliogopa nyuso zao. Kwa miaka thelathini na mmoja mimi ndiye niliyekuwa nasimama katikati ya chumba nikiuliza nani kafanya hivi. Sikujua ningesimama vipi upande wa pili.

Nikajipa kazi ili nisifikiri. Nilibeba fomu za zamani za karatasi, tulizoziacha miaka sita iliyopita, nikazipeleka wodi ya kusafisha damu. Wagonjwa kumi na mmoja walikuwa wamekwisha kulazwa kwenye mashine. Kila mmoja ana uzito wake anaopaswa kufikia, dawa zake na kipimo chake, na vyote hivyo vilikuwa kwenye kompyuta.

"Akka!" aliita Mwalimu Sadagopan kutoka kitanda cha kwanza. Alifundisha hesabu miaka arobaini na bado anaongea kama yuko ubaoni. "Nasikia kompyuta zenu zilishiba dengu jana zikashindwa kuamka?"

"Wewe lala, mwalimu. Uzito wako kilo ngapi?"

"Hamsini na nane na nusu. Andika nusu, usije ukanipunja. Sisi tunaojua kusoma tutapona. Waulizeni wenzangu."

Nikaenda kitanda cha nne. Alikuwepo bibi mmoja wa mashambani, mikono yake myembamba imejaa bangili za kioo. Mwaka uliopita dawa moja ilitaka kumuua palepale kitandani. Muuguzi aliyekuwepo sasa alikuwa zamu nyingine siku ile, hakujua ni dawa gani.

"Ni ile ya chupa ndogo, mwanangu," alisema bibi. "Nyeupe."

Zote ni nyeupe. Muuguzi akanitazama. "Jina lake liko kwenye faili, Akka. Faili tutalipata lini?"

"Leo jioni," nilisema, nikaondoka haraka.

Yule mwanamke wa Trichi alifika saa saba. Aliitwa Nachammai, mwembamba, miwani imeteremka puani. Alivua viatu mlangoni alipoiona picha ya mungu na maua bado yanazunguka kompyuta, akairuka ndimu asiikanyage, akakaa sakafuni na mashine yake mapajani. Nilingoja aulize nani kafanya nini. Hakuuliza. Alikuwa anauliza nini, na saa ngapi, basi. Saa ngapi kompyuta hii iliwashwa? Nani alikuwa wa mwisho halikumhusu, ila ilizimwaje?

Saa nane na nusu akanyoosha mgongo. "Wameingia Jumatatu kabla ya mchana. Kupitia wapi, bado sijajua. Wakajibanza. Watu hawa wanapenda sikukuu, wanasubiri ofisi iwe tupu. Jana usiku, kazi ya wodi ilipokwisha, ndipo wakafunga kila kitu."

"Na diski zetu?" aliuliza Mkurugenzi.

"Kama zimekaa kabatini tangu Jumamosi, ziko safi. Ya Jumamosi itatupa karibu kila kitu, na penye pengo tutaziba kwa ile ya tarehe mosi." Alikuwa ameleta kompyuta mpya isiyojua mtandao wowote, akaiweka mezani. Siva akazileta diski zote mbili, akazipanga pembeni yake. Nachammai akamsogezea karatasi. "Kabla sijazichomeka naomba mniandikie hapa kwamba hakuna iliyoguswa. Si kwamba siwaamini. Lakini mojawapo ikiwa imekutana na kompyuta kuu baada ya Jumatatu, imebeba ugonjwa. Nikiziweka pamoja itamwambukiza mwenzake, na hapo hatutakuwa na kitu tena. Miaka yote ya wagonjwa wenu imekwenda."

"Daftari liko wazi," Siva alisema, akatoa kalamu mfukoni.

Nilimtazama akiinama. Mkewe alikuwa anatarajia kujifungua wiki ileile. Alikuwa anakwenda kuweka jina lake chini ya uongo wangu, na wala hajui. Nikamkumbuka yule bibi na bangili zake. Nikafungua mdomo. Sauti ikatoka kubwa mno, ile sauti yangu ya kufokea watu.

"Ngoja wewe! Usiandike!"

Siva akaruka. "Nimefanya nini, Akka?"

"Hujafanya kitu. Ni mimi. Jana niliitoa ya Jumamosi, nikaichomeka kwenye kompyuta kuu."

Mkurugenzi akanitazama mdomo wazi. "Ukaichomeka kwa ajili gani?"

"Ili iwake taa."

Hakuna aliyecheka. Mzee Muthaiya alikuwa amesimama mlangoni na sinia la kahawa. "Mimi ndiye niliyesema imekaa kama maiti," alisema.

"Mzee, nyamaza."

"Sinyamazi. Kama ni dhambi, tugawane."

Nachammai alikuwa amekwisha kuandika. "Saa ngapi?"

"Tano kasorobo."

"Mpaka?"

"Sita na robo."

"Na hii nyingine?"

"Haikutoka kabatini. Kwa macho yangu."

Akaiinua diski ya Jumamosi, akainusa. "Nilikuwa najiuliza kwa nini inanukia hekalu," alisema, akaitia kwenye mfuko wa plastiki na kuufunga. Kisha akaniambia, "Asante." Nikasubiri yanayofuata. Hapakuwa na yanayofuata. Alichomeka diski ya tarehe mosi peke yake na kuinama kwenye kazi. Nikakaa kwenye kiti cha Pushkala bila kuomba.

Siva aliniletea maji. Nilitaka kumwomba radhi, lakini kwa kukosa mazoea nikamwambia shati lake halikupigwa pasi. Akatikisa kichwa kwa ule mtikiso wetu, na mimi nikachagua kuona amenisamehe.

Saa kumi na robo orodha ya wagonjwa ikafunguka. Mkurugenzi mwenyewe alitafuta faili la bibi wa kitanda cha nne, akasoma jina la dawa, akaliandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa na kulikimbiza wodini kwa miguu yake. Tulikuwa tumepoteza yaliyoandikwa tangu tarehe mosi, ambayo tungeyarudishia kutoka kwenye karatasi za wodi na vichwa vya wauguzi. Kazi ya wiki mbili, lakini ni kazi, si msiba. Nilianza kujisikia vizuri. Nikafikiri yamekwisha, tena nimeonyesha ujasiri, kosa la siku nimeliungama, na pengine hata itakuwa hadithi nzuri ya kusimulia siku ya kuniaga.

Kabla ya kuondoka Nachammai alitukusanya, akatoa fomu. Alitueleza kwamba fomu hiyo haina mahali pa jina la mtu, kwa sababu akiandika majina, kesho hakuna atakayemwambia kitu. Akaanza kujaza mistari yake mmoja baada ya mwingine, akasoma kwa sauti. "Wameingia Jumatatu kabla ya mchana. Kuna yeyote aliyeona jambo lisilo la kawaida siku hiyo? Hata dogo?"

Kiti kikasogea. Pushkala alikuwa amesimama. Ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, ana watoto wawili, na anaimba vizuri kuliko sisi wote.

"Ni mimi," alisema. "Saa tano na dakika ishirini. Ilikuja barua pepe kana kwamba imetoka kwa wanaotuuzia vichujio vya mashine. Nikafungua kilichoambatishwa. Ukurasa ulikuwa mtupu. Kikajitokeza kidirisha cheusi, kikajifunga chenyewe. Nilijua si kawaida."

Siva akajishika kichwa. "Dada Pushkala, ungeniambia saa ileile ningechomoa waya mmoja tu. Wako. Leo tungekuwa tunakula mabaki ya puja."

"Najua."

"Sasa kwa nini hukusema?" aliuliza Mkurugenzi, wala hakuwa mkali.

"Ningemwambia nani, daktari? Utaratibu ni kumwambia mkuu wa idara kwanza."

Mkuu wa idara ni mimi. "Mbona hukuniambia basi?" nilimuuliza. "Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwako."

Pushkala akainua macho. Alinitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonikata. "Akka, mimi nilikaa meza moja na Kayalvizhi."

Chumba kizima kilijua anachosema. Miaka miwili kabla, Kayalvizhi, karani wangu, alibandika majibu ya mgonjwa mmoja kwenye faili la mwingine. Aligundua mwenyewe, akaja kwangu mwenyewe, asubuhi, kabla dawa yoyote haijatolewa. Hakuna aliyeumia. Nilimshika mkono hadi kwa Mkurugenzi, na saa ya chakula cha mchana msichana akawa ameshaachishwa kazi, ametoka getini na kopo lake la chakula halijafunguliwa. Nilijisifu kwa hilo mwaka mzima. Nilisema idara yangu haina makosa, na kweli, tangu siku ile hakuna mtu aliyewahi kuniletea kosa.

Nachammai alikuwa amefika kwenye mstari unaouliza sababu ya kuchelewa kutoa taarifa. Kalamu yake ilisimama juu ya karatasi. Alimtazama Pushkala, akanitazama mimi, akangoja.

"Nipe," nilimwambia.

"Majina hayaandikwi, Akka," alinikumbusha kwa upole.

"Hili liandikwe."

Nikaigeuza fomu upande wangu. Niliandika kwa ule mwandiko wangu wa rejesta, unaosomeka na kila mtu: Karani alimwogopa Alamelu. Kisha nikamrudishia kalamu yake, nikamwambia Pushkala akae.